Siku Nilipomfaulisha Mama Neema kwa Makosa

Vijana wangu mnaoanza ukalimani wa hospitali, hata kama mtasahau mengine yote, shikeni hili: usimuulize mtu kama anasikia. Atakuambia ndiyo. Nimekaa miaka ishirini na mbili katika kliniki ya masikio ya hospitali moja hapa Durban, na sikumbuki hata mtu mmoja wa kwetu aliyenijibu mara ya kwanza kwamba hasikii. Mkongomani akiulizwa na daktari husema ndiyo. Mrundi husema ndiyo na kuinamisha kichwa kidogo. Mtanzania husema ndiyo, akashukuru, akauliza na hali ya watoto wa daktari. Wewe muulize amekula nini asubuhi. Hapo neno ndiyo halimsaidii, na ndani ya dakika moja utajua masikio yake yakoje.

Naongea kama mtu mwenye akili, lakini hili nililijua baada ya kukosea, na nusura kosa langu limharibie mtu maisha. Nitawaeleza. Kwanza niwaambie nilivyoingia kazini, maana najua wengi wenu mnadhani nilisomea.

Sikusomea kitu. Nilikuwa nalinda magari kwenye maegesho ya maduka kule Westville, nimevaa lile koti la kung'aa, naonyesha watu pa kuegesha hata kama wanapaona wenyewe. Mama mmoja aliyekuja kila Jumamosi alinisikia nikibishana kwenye simu kwa Kiswahili, kisha nikamgeukia mwenzangu kwa Kifaransa, kisha nikamwomba yeye radhi kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Akaniuliza najua lugha ngapi. Nikamwambia tano, na ya sita ni ya kuombea chai. Huyo alikuwa Miss Priya, mtaalamu wa kupima usikivu, na siku hizo wagonjwa wetu kwenye kliniki yake walikuwa wanaelezwa mambo kwa vidole. Jumatatu iliyofuata nilikuwa nimekaa ndani ya kile chumba kidogo chenye kuta za sponji, nimevaa shati la harusi yangu.

Kazi yenyewe ilionekana rahisi. Nasoma neno, mgonjwa analirudia, namweleza Miss Priya mgonjwa kasema nini. Nilikuwa najiziba mdomo kwa karatasi ili mtu asisome midomo. Wiki nzima Miss Priya alishangaa kwa nini wagonjwa wangu wote wanakosa sauti nyembamba, mpaka akagundua kwamba karatasi yangu ndiyo iliyokuwa inazimeza. Akaninunulia fremu ya mviringo ya kutarizia, akaiwamba kitambaa cheusi chepesi kama kile cha kwenye spika. Sauti inapita, midomo haionekani. Fremu hiyo ninayo mpaka leo. Mke wangu ameiomba mara nyingi atarizie vitambaa vya makochi, nami nimekataa katakata.

Kosa langu la pili la siku zile lilikuwa huruma. Mzee mmoja, dereva wa malori ya bandarini, nilimsomea "meza", naye akarudia kitu ambacho si meza hata kidogo. Nikamwonea huruma, nikamwambia Miss Priya kwamba mzee kasema meza. Miss Priya hajui Kiswahili, lakini macho anayo. Alizima mashine, akanipeleka nje kwenye korido, akaniambia taratibu kwamba kazi yangu si kumfaulisha mgonjwa. Mgonjwa akikosea, nilete kosa lake likiwa zima, nisilisafishe. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikakubali kwamba ana haki, na nikadhani somo limeingia.

Sasa tuje kwa Mama Neema.

Huyu alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, mtu wa Uvira kule Kongo kama mimi, msusi katika saluni moja katikati ya mji. Tulisali pamoja kwenye ukumbi wa kupanga, na yeye ndiye aliyekuwa akisoma matangazo kila Jumapili. Sauti yake ilikuwa haihitaji kipaza sauti. Tangu utotoni sikio lake la kushoto lilikuwa linatoa usaha, linakauka, linarudi tena. Walilitia mafuta, walilitia maziwa, walilitia kila kitu isipokuwa dawa ya daktari. Mkisikia mtu anawaambia sikio lake linatoa maji kidogo tu, msicheke naye. Mpelekeni akaonwe.

Usaha ule uliingia ndani mpaka ukafika kwenye utando wa ubongo. Akalazwa na homa ya uti wa mgongo, na kwa siku kadhaa tulikuwa tunaombea uhai wake tu, hatukufika kwenye masikio. Alipozinduka aliwaambia manesi waongeze sauti ya televisheni. Televisheni ilikuwa juu mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa analalamika.

Alirudi nyumbani akiwa mzima wa mwili. Wateja wake wakaanza kupungua, maana mtu haendi kusukwa saa nne ili akae kimya. Binti yake Neema, aliyekuwa na miaka minne, alijifunza mwenyewe kumshika mama yake kidevu na kumgeuza uso kabla ya kusema lolote. Mimi nilimwona akifanya hivyo nje ya kanisa, na nikalazimika kwenda kuangalia magari yaliyoegeshwa, kazi ambayo nilikuwa nimeiacha zamani.

Sikilizeni hapa vizuri. Mtu aliyepoteza usikivu kwa njia ile hana muda. Ndani kabisa ya sikio kuna kijumba kidogo chenye umbo la konokono, madaktari wanakiita koklea. Ugonjwa ukipita humo unaacha kovu, na kovu linaweza kugeuka mfupa na kukijaza kijumba chote. Kipandikizi cha koklea, ambacho sisi tulizoea kukiita implanti, kina uzi mwembamba unaoingizwa humo ndani ili upeleke umeme kwenye mshipa wa kusikia. Mfupa ukishaziba, uzi hauna pa kupita. Picha za Mama Neema zilionyesha kwamba mfupa umeshaanza.

Lakini implanti hazikuwa nyingi, zilikuja kwa msaada wa wafadhili, na sheria ya madaktari ilikuwa moja: anapewa mtu ambaye mashine za kawaida za kuvaa sikioni haziwezi kumsaidia. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kabisa. La kulia lilikuwa limebakiwa na kipande kidogo cha sauti nzito. Kwa hiyo ilibidi avalishwe mashine yenye nguvu, asomewe sentensi ishirini kwa lugha yake, tuone anapata ngapi. Akipata nyingi, implanti hapati.

Orodha ya sentensi za Kiswahili haikuwepo. Miss Priya akaniambia niiandike mimi. Nikaona nimepandishwa cheo.

Nikaandika sentensi nzuri, za heshima, ambazo mtu mzima hataona haya kuzirudia. Habari za nyumbani na watoto. Bwana asifiwe, wapendwa. Tunawakaribisha wageni wetu wote. Watoto wabaki na walimu wao. Ibada imekwisha, tuonane Jumapili. Mnacheka, eeh? Mmeshaona kosa. Mimi sikuliona. Nilikaa nyuma ya fremu yangu nikasoma kwa sauti ya upole, na Mama Neema akarudia moja baada ya nyingine bila kusitasita. Alipata kumi na saba. Kila alipopata nilishusha fremu nikitabasamu kama mzazi kwenye mahafali.

Miss Priya alifurahi pia. Aliandika kwamba mashine ya kawaida inamtosha mgonjwa huyu, na kwamba Jumanne, kwenye kikao cha madaktari wa upasuaji, jina lake litaondolewa kwenye orodha. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Nilifika nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba leo nimemsaidia dada yetu asipasuliwe kichwa.

Jumapili tulipata mhubiri mgeni. Mchungaji wetu ana desturi yake, anasalimia mara tatu, na mara ya tatu watu wanasimama na kuitikia amina. Yule mgeni alikuwa mtu wa namna nyingine. Alipanda, akashika meza, akasema kwa sauti nzito: "Leo msinijibu, wapendwa. Kaeni, tunyamaze kidogo." Ukumbi wote ukanyamaza. Akarudia jambo hilohilo mara ya pili na ya tatu, polepole kidogo. Na katika kimya kile Mama Neema, na mashine ya majaribio sikioni, akasimama peke yake, mikono juu, akaitikia amina kwa ile sauti yake isiyohitaji kipaza sauti.

Mke wangu, aliyekuwa amekaa karibu naye, akamvuta gauni taratibu. Mama Neema akageuka, akaona watu wote wamekaa, akakaa na yeye. Hakulia. Alifungua begi lake akawa anatafuta kitu ambacho hakikuwemo. Nami hapo nikaelewa. Hakuwa amesikia neno la yule mgeni. Alisikia mapigo ya sauti nzito yakija mahali ambapo siku zote salamu hukaa, akajibu salamu.

Baada ya ibada nilimkalisha pembeni, nikaandika kwenye bahasha: Ijumaa ulisikia nini? Akasoma. Akanirudishia bahasha.

"Papa Zakaria, minasikia ngoma tu," akasema. "Maneno nilikuwa nayajua mbele, juu ni yale yangu ya matangazo. Nikajaza miye mwenyewe. Kila mara ukishusha ile kitambaa, uso yako iko na furaha. Sikutaka kukupatisha haya mbele ya docta."

Yaani alifaulu kwa ajili yangu. Mimi ni mkubwa wake, mtu wa kwao, nimeandika karatasi kwa mkono wangu. Angewezaje kuniangusha mbele ya mgeni? Angekubali kubaki kiziwi kuliko kunivunjia heshima, na mimi mjinga nilikuwa nimepokea heshima hiyo kwa tabasamu. Nimekosea mambo mengi maishani, lakini hakuna lililonitia hofu kama lile.

Nilitoka nje nikampigia Miss Priya simu nyumbani kwake Morningside. Nilikuwa najua naweza kupoteza kazi, na ningekuwa nimestahili. Nikamweleza yote, sikusafisha kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba kosa ni la wote wawili, kwa sababu yeye alikubali orodha asiyoweza kuisoma. Akasema kikao ni keshokutwa, nimlete mgonjwa kesho asubuhi, na usiku haujafika niwe nimeandika sentensi ishirini nyingine. Maneno yawe ya kila siku, mepesi, lakini sentensi yenyewe iwe ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuisema.

Mchana ule nilikaa kwenye meza ya jikoni nikatoa jasho. Kuandika upuuzi ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani, hasa kwa mtu aliyelelewa na mama mkali. Shangazi amefua viazi kwa sabuni. Polisi amemkopesha kuku kofia. Roboti ya barabarani, ndivyo tunavyoziita taa za magari hapa, imekula mkate wangu. Samaki amevaa soksi nyekundu. Mke wangu alikuwa anapika sombe, yale majani ya muhogo, nami namsomea, yeye ndiye kipimo. Akisema, eish, nani atasema maneno kama hayo, naiweka. Akiendelea kukoroga chungu chake, naifuta.

Jumatatu, kabla sijaanza, niliandika kwa herufi kubwa: Leo usinisaidie. Rudia unachosikia tu. Usiposikia, sema hapana. Mama Neema akasoma, akatikisa kichwa kwa huzuni, lakini akakubali. Nikaugandisha uso wangu kama wa polisi wa mpakani. Nikasoma.

Hakusema hapana hata mara moja. Hakuweza. Nilisoma, akasubiri, akaangalia mikono yake, nikasoma nyingine. Alipofika katikati machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi nilikuwa nasoma habari za kuku na kofia kwa uso usiocheka wala kulia. Katika ishirini alipata moja, na hiyo nadhani alibahatisha.

Miss Priya aliichana barua ya Ijumaa mbele yangu. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nyuma za hospitali. Sijawahi kufurahia mtu kushindwa kama nilivyofurahi siku ile. Namwomba Mungu anisamehe, lakini nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko sharp, yaani kama niko sawa.

Alipasuliwa ndani ya siku kumi. Daktari alitueleza baadaye kwamba mlango wa kile kijumba ulikuwa umeshaanza kuziba, ilibidi achonge kidogo, lakini uzi uliingia wote. Angengoja miezi michache, alisema, uzi usingekuwa na pa kupita. Nilimtafsiria Mama Neema kwa kuandika, na mwandiko wangu siku ile ulikuwa mbaya kuliko wa daktari.

Sasa jambo la kazi, mlishike: usimwahidi mgonjwa chochote kuhusu siku ya kuwashwa. Watu wanadhani kifaa kikiwashwa mtu anasikia sauti ya mama yake na wote wanalia. Mama Neema alisikia milio. Sauti zetu, alisema, zilikuwa za bata waliokasirika, na yangu ndiyo ya bata mkubwa. Alivunjika moyo, na mimi pia, ila sikuonyesha. Ubongo unahitaji miezi kujifunza upya. Mke wangu alikuwa akienda kukaa naye saluni, anamsomea gazeti kutoka nyuma ya kiti, mstari baada ya mstari, naye anarudia huku anasuka. Sehemu ya nje ya kifaa inashikwa kichwani kwa sumaku, na msusi anaishi kati ya vibanio. Kila jioni alikuta vitatu vinne vimemng'ang'ania juu ya sikio. Wateja wakaanza kurudi, nadhani wengine walikuja kuona vibanio. Na kwa unyevu huu wa Durban, waambieni wagonjwa wenu kila siku wakilala waweke kifaa kwenye kopo lenye vifuko vya kukaushia. Nimeona vifaa vizuri vikifa kwa sababu ya jasho tu.

Siku hizi ninyi mna tablet. Sentensi zimerekodiwa, mnabonyeza, hakuna fremu wala uso wa kuficha. Ni vizuri, mashine haina huruma wala haitaki heshima. Ila mkisikia ndani yake mzee mwenye sauti ya bata mkubwa anasema polisi amemkopesha kuku kofia, mjue ni mimi, na mjue kwa nini.

Basi miezi sita baada ya upasuaji tukamrudisha Mama Neema kwenye chumba cha sponji. Orodha ikawa ileile ya jikoni kwangu, kwa kuwa mara ya kwanza hakuwa ameisikia, kwake ilikuwa mpya kabisa. Miss Priya alikaa kwenye mashine yake, upande wa pili wa kioo. Nilikaa nyuma ya bega la Mama Neema, nikainua fremu, nikamkumbusha kwa karatasi masharti: rudia unachosikia, usiposikia sema hapana. Nikaanza na ya samaki.

"Samaki amevaa soksi nyekundu."

Niliona mabega yake yamepanda kidogo. Nikahesabu moyoni mpaka nne, mpaka tano.

"Hapana, papa," akasema.

Nilishusha fremu. Nilikuwa nimeomba neno hilo, na sasa nimelipata, miezi sita imekwenda bure. Nikamwangalia Miss Priya kupitia kioo, nikafungua mdomo nimwambie kwamba mgonjwa hakusikia. Lakini Mama Neema alikuwa amenigeukia, amekunja uso kama mtu aliyepunjwa sokoni.

"Hapana," akasema tena. "Samaki iko na miguu wapi ya kuvaa soksi? Umesoma vibaya. Soma tena."

Miss Priya akagonga kioo, akaniuliza mgonjwa amesema nini. Kwa miaka yote ile kazi yangu ilikuwa kujibu swali hilo moja, na siku ile nilikaa na fremu magotini, namwangalia Mama Neema. Miss Priya akauliza tena.

"Anabisha," nikamwambia mwishowe. "Miss Priya, anabishana na mimi."